Kipoza Oili kwa Pikipiki Kuukuu: Yanayopaswa Kufahamika Kabla ya Kukifunga

Utende, Mafia

Kijiji cha Utende, kilichopo upande wa kusini mashariki wa Kisiwa cha Mafia mkoani Pwani, kimeunganishwa na Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, kwa barabara ya lami yenye urefu wa takriban kilomita 15. Katika barabara hiyo, pamoja na njia za mchanga zinazoingia vijijini na katika mashamba ya minazi, pikipiki ni chombo tegemeo cha usafiri. Hubeba wageni kutoka uwanja wa ndege, watumishi wa hoteli, wagonjwa, wanafunzi na mizigo ya samaki na nazi. Nyingi ya pikipiki hizo zina injini ndogo inayopozwa kwa hewa, na baadhi zimetumika kwa miaka mingi.

Injini ya namna hiyo inapoanza kupata joto kupita kiasi, mmiliki hutafuta tiba ya haraka. Mojawapo ya tiba zinazopendekezwa ni kufunga kipoza oili, kifaa ambacho baadhi ya mafundi hukiita rejeta ya oili. Ni kifaa kidogo chenye mirija na vibati vyembamba. Oili ya injini hupitishwa ndani yake, ikapigwa na upepo, kisha hurudi kwenye injini ikiwa imepungua joto.

Swali linalomhusu mmiliki na dereva wa bodaboda ni iwapo fedha ya kununua na kufunga kifaa hicho itarudi. Kwa kifupi, kwa pikipiki nyingi ndogo zinazofanya safari kati ya Utende na Kilindoni, kipoza oili si hitaji la kwanza, na kikifungwa bila uchunguzi kinaweza kuleta hasara kubwa kuliko faida. Hata hivyo, zipo injini na kazi ambazo kifaa hicho huzifaa. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha hali hizo mbili.

Namna injini inavyopozwa

Katika injini ya pikipiki, ni takriban robo hadi theluthi moja tu ya nishati ya mafuta inayogeuka kuwa nguvu ya mwendo. Sehemu iliyobaki ni joto. Kiasi kikubwa cha joto hilo hutoka na moshi kupitia ekzosi, na kingine hubaki katika chuma cha injini, hivyo ni lazima kiondolewe.

Injini inayopozwa kwa hewa huondoa joto hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vibati vilivyopangwa kuizunguka silinda mithili ya mapezi ya samaki. Mapezi hayo huongeza eneo linaloguswa na upepo, na hufanya kazi vizuri pikipiki inapokuwa katika mwendo. Njia ya pili ni oili. Mbali na kulainisha vyuma visisagane, oili hupokea joto kutoka kwenye pistoni, fimbo zake na sehemu za juu za injini ambako upepo haufiki, ikalishusha hadi chini ya injini ambako hutoka kupitia ganda la nje.

Pikipiki nyingi za biashara zenye ujazo wa cc 100 hadi cc 150 hubeba takriban lita 1 ya oili. Lita hiyo moja ndiyo inayolainisha, inayopoza, inayosafisha na inayohudumia klachi na gia. Kwa sababu hiyo, oili ikipungua kwa robo lita tu, uwezo wa injini kustahimili joto hupungua kwa kiwango kinachoonekana.

Ieleweke pia kuwa si kila pikipiki kuukuu ina mzunguko wa oili unaoweza kupozwa. Pikipiki za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 ambayo maofisa ugani wengi barani Afrika waliitumia kwa kazi za mashambani, huchoma oili ya injini pamoja na petroli na kuitoa kama moshi. Oili iliyomo katika gia za pikipiki hizo haizunguki kwenda kwenye pistoni. Kuzifungia kipoza oili hakuna maana yoyote.

Oili haipaswi kuwa baridi

Dhana iliyoenea ni kuwa kadiri oili inavyokuwa baridi ndivyo injini inavyosalimika. Dhana hiyo si sahihi. Katika injini inayopozwa kwa hewa, oili hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la takriban nyuzi 90 hadi 120 za Selsiasi.

Joto likipanda mno juu ya kiwango hicho, oili huwa nyepesi kupita kiasi na huanza kuungana na hewa na kuharibika. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa vilainishi, kila ongezeko la nyuzi 10 huongeza kasi ya uharibifu huo mara mbili. Oili iliyozoea kufikia nyuzi 130 au 140 huisha nguvu mapema sana kuliko ile inayobaki katika nyuzi 110.

Upande wa pili nao una madhara. Kila injini inapochoma petroli hutengeneza mvuke wa maji, na sehemu ndogo ya mvuke huo pamoja na petroli ambayo haijaungua hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Oili ikipata joto la kutosha kwa muda wa kutosha, maji na petroli hiyo huvukizwa na kutoka. Isipopata joto hilo, maji hubaki, oili hugeuka utelezi wenye rangi ya maziwa chini ya kifuniko chake, na vyuma huanza kupata kutu kutoka ndani.

Hapa ndipo hali ya Utende inapokuwa na uzito. Safari ya kilomita 15 kwa mwendo wa wastani huchukua chini ya nusu saa. Safari za kutoka ufukweni hadi kijijini au hotelini ni fupi zaidi. Pikipiki inayofanya safari za aina hiyo, katika hewa ya bahari yenye unyevunyevu na hasa wakati wa mvua za masika kati ya Machi na Mei, huenda isiwe na tatizo la oili kuwa na joto kali. Inaweza kuwa na tatizo la oili kutopata joto la kutosha. Kipoza oili kisicho na themostati, yaani kifaa kinachozuia oili isipite hadi ipate joto linalofaa, huzidisha tatizo hilo.

Joto ni dalili, chanzo kitafutwe

Injini zilizoundwa kupozwa kwa hewa huuzwa katika nchi zenye joto kali bila kipoza oili, nazo hufanya kazi kwa miaka mingi. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ilibuniwa mahsusi kwa mazingira ambayo matengenezo ni machache na barabara ni mbovu, na haikuwekewa kipoza oili. Endapo pikipiki ya aina hiyo iliyokuwa ikifanya kazi vizuri imeanza kuwa na joto kali, kuna jambo lililobadilika ndani yake au katika matumizi yake. Jambo hilo ndilo linalopaswa kutafutwa kwanza.

Uchunguzi unapaswa kuanzia kwenye oili yenyewe. Kipimo chake kikaguliwe pikipiki ikiwa imesimama wima mahali palipo sawa, kwa utaratibu ulioelezwa katika kitabu cha mtengenezaji. Dereva anayekwenda Kilindoni na kurudi mara nne kwa siku husafiri takriban kilomita 120, ambazo kwa siku 25 ni kilomita 3,000. Pale ambapo kifaa cha kuhesabia kilomita kimeharibika, hesabu hiyo ya siku inaweza kumsaidia dereva kujua muda wa kubadilisha oili bila kukisia.

Aina ya oili nayo izingatiwe. Pikipiki nyingi zina klachi inayozama katika oili, hivyo zinahitaji oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari madogo huwa na viungo vya kupunguza msuguano, ambavyo huifanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza huzalisha joto. Mnunuzi anashauriwa kukagua alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kuhakikisha kuwa chombo hakijafunguliwa. Bidhaa inayoshukiwa kuwa bandia itolewe taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC).

Jambo la pili ni mapezi ya silinda. Mchanga na vumbi likichanganyika na oili inayovuja hugeuka tope linaloganda katikati ya mapezi na kuzuia upepo. Usafi wake hauhitaji zaidi ya brashi, sabuni na maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Vibao, mifuko au kinga ya matope iliyofungwa mbele ya injini kiasi cha kuziba upepo iondolewe au ihamishwe.

Jambo la tatu ni mchanganyiko wa petroli na hewa. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, hewa ya ziada huingia na moto ndani ya silinda huwa mkali. Matokeo ni hayo hayo pale jeti ya kabureta inapobadilishwa kwa ndogo ili kubana mafuta. Plagi ni shahidi mzuri wa hali hiyo. Ncha yenye rangi ya kahawia huashiria mchanganyiko unaofaa, ilhali ncha nyeupe ni onyo la joto kupita kiasi. Mafuta yanayookolewa kwa jeti ndogo ni machache yakilinganishwa na gharama ya pistoni na silinda mpya.

Mambo mengine ya kukaguliwa ni nafasi ya vali, kwa kuwa vali ya moshi isiyofunga sawasawa hushindwa kupeleka joto lake kwenye kichwa cha silinda, wakati wa plagi kutoa cheche, kwa kuwa cheche inayochelewa huongeza joto, breki zinazokwama, na cheni iliyokazwa mno. Kila kimoja huilazimisha injini kufanya kazi ambayo haimpeleki abiria popote.

Jambo la mwisho ni mzigo. Kubeba abiria zaidi ya mmoja, maarufu kama mishikaki, ni kinyume cha kanuni za usafirishaji kwa pikipiki, na pia ni miongoni mwa sababu za wazi za injini kuzidiwa, hasa katika mchanga ambako gia ndogo hutumika, injini huzunguka kwa kasi na upepo unaopita kwenye mapezi huwa hafifu. Hakuna kipoza oili kinachoweza kufidia uzito wa abiria watatu.

Pikipiki zinazoweza kunufaika

Baada ya ukaguzi huo kukamilika na kasoro kurekebishwa, pikipiki chache zinaweza kubaki na tatizo la joto. Hizo ni zile zenye injini kubwa ya mipigo minne inayopozwa kwa hewa, zinazokwenda umbali mrefu kwa kasi au zinazopanda milima mirefu zikiwa na mzigo. Watengenezaji wenyewe huziwekea kipoza oili baadhi ya injini za kundi hilo. Bajaj Pulsar 220 na Royal Enfield Himalayan ya cc 411, iliyoingia sokoni mwaka 2016, ni mifano. Katika pikipiki hizo, pampu na njia za oili zilikadiriwa tangu mwanzo kusukuma oili hadi kwenye kipoza na kuirudisha.

Injini ndogo kuukuu haina maandalizi hayo. Pampu yake ilitengenezwa kwa ajili ya njia fupi za ndani. Mirija ya nje huongeza ukinzani na inaweza kupunguza oili inayofika sehemu za juu za injini, mahali ambapo upungufu wa dakika chache hutosha kuharibu vyuma. Pampu iliyochakaa kwa umri huongeza hatari hiyo.

Njia bora ya kuamua ni kupima. Kipo kijiti cha kupimia oili chenye kipimajoto, ambacho hufungwa mahali pa kijiti cha kawaida katika injini zinazokikubali. Kipimo kifanyike mwishoni mwa safari ile ile, kwa mzigo ule ule, katika saa za joto la mchana. Iwapo oili haizidi nyuzi 120, kipoza oili hakihitajiki. Iwapo inazidi nyuzi 130 mara kwa mara, na kasoro zote zilizotajwa zimerekebishwa, hapo kuna hoja ya msingi ya kukifikiria.

Endapo uamuzi ni kukifunga

Mmiliki anayefikia uamuzi huo anapaswa kuhakikisha mambo kadhaa. Kwanza, kifaa kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya injini husika na kiwe na themostati. Pili, kifungwe mahali penye upepo lakini pasipozuia upepo unaokwenda kwenye silinda. Kipoza kilichowekwa mbele ya mapezi huweza kuchukua kwa mkono mmoja kile kinachotoa kwa mwingine.

Tatu, mipira iwe ya kustahimili oili yenye joto na shinikizo. Mpira wa petroli au wa maji haufai. Mipira isiguse ekzosi wala kusuguana na fremu, na kipoza kikae juu ya vipande vya raba ili mtetemo usipasue maungio yake. Nne, baada ya kufunga, injini iwashwe kwa muda mfupi, izimwe, kipimo cha oili kikaguliwe upya na kuongezwa, kwa kuwa mirija na kipoza hubeba sehemu ya oili. Fundi athibitishe kuwa oili inafika kwenye kichwa cha silinda kabla pikipiki haijarudi barabarani.

Katika kisiwa, uamuzi huu una uzito wa ziada. Hewa ya chumvi hula alumini na maungio ya chuma, hivyo mipira na nati za kipoza zinahitaji kukaguliwa kila wiki na kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Vipuri vingi hutoka Dar es Salaam na huvuka bahari. Mpira mmoja ukipasuka, pikipiki inaweza kusimama kwa siku kadhaa. Kwa dereva anayeendesha kwa makubaliano ya kupeleka hesabu ya siku kwa mmiliki, siku hizo ni deni linaloongezeka wakati kipato kimesimama.

Usalama nao usisahaulike. Oili yenye joto la nyuzi 100 huunguza mguu wa dereva na wa abiria. Ikimwagikia tairi la nyuma, pikipiki huteleza bila onyo. Kila ungio linaloongezwa nje ya injini ni mahali papya panapoweza kuvuja.

Oili na bahari ya Mafia

Kwa Utende, uvujaji wa oili ni suala linalovuka mipaka ya pikipiki moja. Kijiji hicho kinatazamana na Ghuba ya Chole, na ndiko yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 822 na inajumuisha matumbawe, mikoko na majani ya bahari. Uvuvi na utalii, ambavyo huwapatia abiria madereva wa bodaboda, hutegemea usalama wa mazingira hayo.

Oili iliyotumika ina chembe za vyuma na masalia ya mafuta yaliyoungua. Ikimwagwa mchangani, mvua huipeleka kwenye visima na hatimaye baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia utupaji wa taka hatarishi unaoathiri afya na mazingira. Mafundi na madereva wanashauriwa kuikinga oili katika chombo kisichovuja wakati wa kuibadilisha, kuihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko mbali na watoto na vyakula, na kuikabidhi kwa wakusanyaji wanaotambuliwa. Ofisi ya kijiji na ya halmashauri ndizo za kuulizia utaratibu huo.

Uamuzi kwa hatua

Kwa muhtasari, mmiliki wa pikipiki kuukuu inayopata joto anashauriwa kufuata mpangilio huu: kuthibitisha kuwa injini ni ya mipigo minne, kukagua kiasi, aina na umri wa oili, kusafisha mapezi, kukagua plagi, kabureta, vali, breki na cheni, kupunguza mzigo hadi kiwango kinachoruhusiwa, na kupima joto la oili. Kipoza oili kije baada ya hatua hizo zote, kwa injini inayokihitaji na kwa mikono ya fundi anayeifahamu injini hiyo.

Kwa sehemu kubwa ya pikipiki zinazohudumia Utende, hatua hizo zitamaliza tatizo kabla ya kufika mwisho wa orodha. Fedha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kipoza oili itanunua oili bora, plagi mpya na mpira mzima wa kabureta, na kiasi kinachobaki kinaweza kugharimia kofia ngumu ya pili kwa ajili ya abiria.